Mtulinga umevunjika: ganzi ya shingo, ganzi ya utando, au nusukaputi?

Swali hili niliulizwa na mama mmoja wa Ukerewe, kakaa kwenye benchi nje ya thieta, kitenge begani, kikapu chenye chupa ya uji miguuni. Kijana wake anaendesha bodaboda hapa Mwanza, kati ya Buzuruga na Igoma. Alikwepa daladala, pikipiki ikamrusha, akaangukia bega la kushoto. Mtulinga, ule mfupa wa mbele unaotoka kifuani kwenda begani, ukakatika, kipande kimoja kikapanda juu ya kingine hadi ngozi ikavutika kama turubai juu ya mti. Daktari wa mifupa alishasema huyu anawekewa chuma. "Mwanangu," mama akaniambia, "mtampiga nusukaputi au mtamchoma ganzi? Maana mdogo wangu alichomwa ya mgongo siku ya kujifungua, akawa anapiga nao stori mpaka mwisho."

Kulikuwa na machela nyingine inanisubiri, nikamjibu kwa sentensi mbili. Jibu lenyewe ni refu zaidi, na nimeona niliandike kwa ajili ya wenye ndugu waliovunjika mtulinga, na pia kwa wadogo zangu wanaoanza kazi hii ya usingizi na ganzi. Mimi huipima kila njia kwa neva mbili. Ya kwanza ni nyembamba kama uzi, mtaani haina jina, na inaishia kwenye msuli mdogo uliojibanza chini ya mtulinga: ganzi imeifikia? Ya pili ni neva ya pumzi: ganzi imeiacha? Gharama, muda, hofu ya mgonjwa, vyote nitavigusa, lakini hayo mawili ndiyo ninayoanza nayo.

Kwanza, kisu kinahitajika?

Mara nyingi hapana. Kwa watu wazima, mtulinga ni kati ya 2.6 na 5 ya kila mivunjiko 100, na karibu minne kati ya mitano hutokea theluthi ya katikati ya mfupa. Mingi huunga yenyewe mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa shingoni wiki kadhaa. Wapo wanaopenda bandeji ya namba nane, ile inayopita mabega yote mawili na kukazwa mgongoni. Zikilinganishwa, bandeji hiyo haijaonyesha kuunga mfupa vizuri kuliko kitambaa cha kawaida, na inabana makwapa na kumnyima mtu usingizi. Chagua kitambaa, khanga iliyofungwa vizuri inatosha.

Kisu kinaingia pale mfupa unapotishia kutoboa ngozi, au umetoboa, au vipande vimepishana sana, au mshipa wa damu na neva za mkono zimeumia. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kwa mivunjiko ya kati iliyopishana, waliowekewa chuma walipata mifupa isiyounga kwa uchache kuliko walioachwa na kitambaa. Mchukuzi wa soko la Mwaloni anayebeba magunia ya dagaa kwa bega ana sababu ya kulifikiria hilo kuliko karani wa ofisini. Na kama kuna mtu anakushauri umpeleke kijana akakandwe kwanza "mfupa urudi", kataa. Chini ya ncha ile kali pana ateri na vena za mkono, na mto pekee uliopo katikati ni huo msuli mdogo ninaotaka kuuzungumzia.

Msuli ambao hakuna anayeukumbuka

Unaitwa subklaviasi. Unaanzia kwenye ubavu wa kwanza, pale ubavu unapokutana na gegedu yake, unapanda kwa mshazari kuelekea nje na kujishikiza kwenye mfereji ulio upande wa chini wa mtulinga, theluthi ya kati. Kazi yake ni kuuvuta mtulinga chini kidogo na kuutuliza bega linapofanya kazi. Wapo watu waliozaliwa bila msuli huu na hawajui. Wengine wana wa ziada unaokwenda hadi kwenye bapa la bega. Ukipooza, mtu anaendelea kupanda pikipiki na kuvuta nyavu kama kawaida. Ndiyo maana mimi mwenyewe niliusoma kwa ajili ya maksi mbili za mtihani, nikausahau, mpaka siku nilipomchoma mgonjwa ganzi nzuri kabisa ya ngozi ya mtulinga, akakaa kimya daktari alipopasua, kisha akapiga ukelele mashine ya kutobolea mfupa ilipogusa upande wa chini.

Neva ya msuli huu inatoka kwenye mizizi ya 5 na ya 6 ya shingo. Mizizi hiyo miwili huungana kuwa shina la juu la mtandao wa neva za mkono, kidogo juu ya mtulinga. Hapo shinani matawi mawili huaga. Moja ni nene, linakwenda nyuma kwenye bapa la bega. La pili ni hili jembamba: linashuka mbele ya mtandao, linapita mbele ya ateri na vena ya subklavia, na kuingia msulini kwa upande wa nyuma. Katika safari hiyo linatoa vijitawi kwa kiungo cha mtulinga na kifua, na kwa mfupa wenyewe upande wa chini. Waliofuatilia neva za mtulinga kwenye maiti wamebishana kwa miaka juu ya nani anamiliki sehemu gani ya mfupa, lakini picha ninayoifanyia kazi ni hii: juu na mbele ni kwa neva za juu ya mtulinga, zinazotoka mizizi ya 3 na ya 4, chini na nyuma zinaingia neva ya subklaviasi na tawi la neva ya kifua upande wa nje.

Zile za juu unaweza kuzihisi. Kwa mtu mwembamba, pitisha kidole gumba kwa kukisugua kwenye mtulinga katikati. Utahisi vijiuzi vinateleza chini ya ngozi.

Kwa hiyo mfupa huu ni kama kiwanja cha urithi chenye majina mawili kwenye hati. Ukimalizana na mrithi wa juu, wa chini bado anaweza kuja kusimamisha ujenzi. Makosa mengi ya ganzi ya mtulinga ni kumlipa mmoja na kumsahau wa pili.

Neva ya pumzi nayo, freniki, inayoendesha kiwambo, yaani ule msuli mpana wa kupumulia chini ya mapafu, inatoka mizizi ya 3, ya 4 na ya 5. Tazama namba hizo vizuri. Ziko ndani ya zile zile tulizozitaja kwa mfupa. Freniki inashuka shingoni juu ya msuli wa skaleni wa mbele, na usawa wa gegedu ya krikoidi, iliyo chini kidogo ya kikoromeo, iko karibu milimita 2 tu kutoka mzizi wa 5. Halafu kuna kichekesho cha maumbile: kwa baadhi ya watu ipo freniki ya nyongeza, na mara nyingi hiyo nyongeza hutokea kwenye neva yetu ya subklaviasi. Yaani uzi uliopewa msuli usio na umaarufu unabeba pia sehemu ya pumzi. Ukitaka kuushika mmoja shingoni, jirani yake anasikia.

Ganzi ya shingo

Hii ndiyo ya wazee. Njia ya intaskalini, sindano kati ya misuli ya skaleni, ilielezwa na Alon Winnie mwaka 1970, na ndiyo wengi wetu tuliyofundishwa. Zamani tulimwomba mgonjwa aseme akihisi umeme begani. Sasa tunatumia ultrasaundi, unaona mizizi imepangana kama taa za barabarani, nyeusi duara duara, na dawa inaizunguka.

Kwa neva ya subklaviasi, njia hii haina mpinzani. Unaikamata pale inapozaliwa, kabla haijajitenga. Upande wa juu wa mfupa na ngozi, hapana: mizizi ya 3 na ya 4 iko juu zaidi, na kutegemea dawa ipande yenyewe ni bahati nasibu. Ndiyo maana anayechagua njia hii aongeze sindano ya pili ya juujuu, nyuma ya ule msuli mkubwa wa shingo unaojitokeza mtu akigeuza kichwa, katikati yake. Mililita 5 hadi 10 zinatosha. Ukifanya zote mbili, mtulinga umekufa ganzi kwelikweli, na dawa uliyotumia kwa jumla ni ndogo.

Bei yake ni pumzi. Mwaka 1991 na 1992 Urmey na wenzake walionyesha kwamba kwa vipimo vya dawa vilivyokuwa vya kawaida wakati ule, kiwambo cha kupumulia upande uliochomwa kilipooza kwa wagonjwa wote, na hewa ambayo mtu anaweza kuvuta na kutoa ikapungua zaidi ya robo. Kijana mwenye afya analala pale anakuangalia, hajui. Labda atasema "dokta, kifua kizito kidogo." Mvuvi wa miaka 60 aliyevuta sigara tangu ujana, au mtu aliyepona kifua kikuu huku pafu moja limebaki na makovu, atakuambia kwa macho kabla ya mdomo.

Tumejifunza kupunguza. Mwaka 2008 Riazi na wenzake walilinganisha mililita 20 na mililita 5 kwa upasuaji wa bega: kwa 20 kiwambo kilipooza kwa wote, kwa 5 kilipooza kwa asilimia 45. Ni nafuu, lakini asilimia 45 bado ni kurusha shilingi. Wengine siku hizi wanashuka chini zaidi, wanachoma shina la juu lenyewe, mahali ambapo freniki imeshajitenga. Naipenda hiyo kwa bega. Kwa mtulinga huwa naangalia dawa ilizunguke shina mpaka mbele, kwa sababu neva ya subklaviasi inaaga hapo hapo na inaaga kwa mbele. Ukipeleka dawa nyuma tu, utapata bega zuri na mtulinga unaolalamika.

Mengine ya ganzi ya shingo ni ya kumwandaa mgonjwa na ndugu: kope la upande ule linaweza kulegea na mboni kuwa ndogo, sauti ikakwaruza, yote kwa saa chache. Siku moja ndugu walikuja mbio wakidhani mgonjwa wao kapata kiharusi. Ukishamwambia mtu mapema, anacheka; usipomwambia, una kesi. Mkono nao unakufa kabisa, saa 8 hadi 16 kwa bupivakeni, dawa ya ganzi inayodumu muda mrefu. Wengine wanaiona hiyo faida kwa sababu usiku wa kwanza hauumi. Mimi kwa wagonjwa wa bodaboda naiona hasara, na kwa hili nitatulia kidogo.

Anayerushwa na pikipiki akatua kwa bega huku kichwa kikivutwa upande mwingine anaweza kuwa amevuta neva za mkono zenyewe. Mtulinga uliovunjika unaonekana, neva iliyovutika haionekani. Ukimchoma ganzi ya shingo bila kumpima kwanza, mkono ukiwa bado mzito kesho kutwa, hakuna atakayejua kama ni ajali, ni sindano, ni kisu au ni chuma kimebana. Kila mgonjwa, kabla sijashika sindano, anakunja kiwiko, ananyoosha kiganja, anatanua vidole, ananiambia kama anahisi ncha ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho, na naandika. Dakika 2. Na baada ya upasuaji daktari wa mifupa anataka kuona vidole vikicheza. Kwa ganzi hii atasubiri mpaka usiku.

Ganzi ya utando

Hii ni changa. Luis Valdés-Vilches wa Hispania aliieleza mwaka 2017, na wazo lake ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini halikuja mapema: kwa nini kuzifuata neva shingoni wakati zote zinaishia mfupani? Msuli wa subklaviasi umefungwa ndani ya utando, utando wa klavipektora, ambao unajishikiza kwenye mtulinga wenyewe. Neva zinazoingia mfupani zinapita hapo. Ukiweka dawa kati ya utando huo na ngozi ya mfupa, upande wa ndani wa mvunjiko na upande wa nje, unazikuta mlangoni.

Hapo ndipo mizani ilipobadilika kwangu. Freniki iko mbali. Mtandao wa mkono uko mbali. Mgonjwa anapumua kwa viwambo vyote viwili na anacheza vidole mezani. Neva ya subklaviasi inashikwa mwishoni badala ya mwanzoni, na kama imebeba freniki ya nyongeza, kwa wengi hiyo inakuwa imeshajitenga kabla ya kufika mfupani.

Ina madhaifu yake, na nisingependa kijana ajifunzie kwa mgonjwa wake. Ngozi haifi ganzi yote: kwa hiyo ile sindano ya juujuu ya shingo bado inahitajika, hasa ukitaka kumpasua mtu akiwa macho. Mvunjiko mbichi una damu iliyoganda, utando umechanika, picha ya ultrasaundi ni tope tupu. Dawa inakwenda inakotaka. Kwenye ncha ya nje kabisa, karibu na bega, ambako neva nyingine nazo zina sehemu yao, siiamini sana. Na bila ultrasaundi usiiguse. Mfupa unakukinga kwa kuwa sindano inaishia juu yake, lakini ukiukosa mfupa kwa upande wa ndani, kinachofuata ni vena, na kinachofuata vena ni pafu.

Halafu dawa. Hapa hesabu ifanyike kwa kalamu. Kipimo cha juu cha bupivakeni ambacho wengi tunakifuata ni miligramu 2 kwa kila kilo. Kijana wa kilo 60 anastahili miligramu 120. Ile ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa mililita, kwa hiyo mwisho wake ni mililita 24. Ganzi ya utando inataka 10 hadi 15 kila upande, na ya juujuu 5 hadi 10. Ukijumlisha unaweza kufika 40. Kwa asilimia 0.5 hizo ni miligramu 200, umempita mbali. Izimue iwe asilimia 0.25, mililita 40 zinakuwa miligramu 100, uko ndani. Ganzi ya shingo ingekutosha kwa chini ya hapo, na hilo ni jambo la kuipa sifa. Mgonjwa akianza kusema mdomo unawasha, masikio yanalia, kinywani ladha ya chuma, acha sindano hapo hapo. Ndio mwanzo wa sumu ya ganzi, na mbele yake kuna degedege na moyo kusimama. Dawa yake ni mafuta ya mshipani ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo kwa kuanzia, yaani 90 kwa kijana huyo. Kabla sijachagua njia inayokula dawa nyingi huuliza kwanza kama chupa ya mafuta hayo ipo kwenye kabati. Ikiwa haipo, jibu langu linabadilika.

Nusukaputi

Nusukaputi ndiyo njia isiyojali mabishano ya wachambuzi wa maiti. Iwe mfupa unamilikiwa na neva mbili au nne, mtu kalala. Kwa mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni Nyegezi, kwa mtu mwenye hofu isiyotulizika, kwa aliyevunjika na paja pia, kwa aliyegonga kichwa na hawezi kutulia, sina mjadala mrefu. Mitulinga yote miwili ikivunjika kwa pamoja, ganzi ya shingo pande zote ni kosa kubwa: utampooza viwambo vyote viwili. Hapo ni utando kila upande kwa dawa iliyozimuliwa sana, au alale.

Udhaifu wake ni wa baadaye. Anaamka na maumivu yote mara moja, pamoja na kichefuchefu, na kutapika huku mtulinga una skrubu mpya ni mateso. Na nusukaputi ina masharti ya tumbo: chakula mwisho saa 6 kabla ya kulazwa, maji matupu mwisho saa 2 kabla. Uji ni chakula. Nimelirudia hilo Mwanza nzima na bado chupa za uji zinaingia wodini alfajiri. Sharti hilo ni la ganzi pia, maana ganzi ikigoma katikati tutamlaza, na hatuwezi kumlaza tumbo likiwa na uji.

Kifua pia. Aliyetua kwa bega huenda kavunja na mbavu. Hewa iliyovuja nje ya pafu inaweza kuongezeka mashine inaposukuma pumzi, hivyo nusukaputi bila picha ya kifua ni kamari. Na pafu la kulia likiwa limeumia, ganzi ya shingo kushoto inamwacha apumue kwa upande mgonjwa. Hali hiyo ndiyo inayonipeleka kwenye utando haraka kuliko nyingine yoyote.

Mimi huchaguaje

Kijana, kifua kizuri, mvunjiko wa katikati, ultrasaundi ipo: utando pamoja na ya juujuu, na dawa kidogo ya kumtuliza. Mvunjiko wa ncha ya nje kwa mtu mwenye mapafu mazima: ganzi ya shingo kwa kipimo kidogo, na nampima mkono kwanza. Hakuna ultrasaundi: nusukaputi, na mwombe daktari wa mifupa achome ganzi kwenye kidonda akimaliza, asiamke kwa kelele. Mwenye pumu isiyotulia au mwenye mapafu mabovu: ganzi ya shingo isiguswe. Kuchanganya nusukaputi nyepesi na ganzi ya utando ndiko ninakokuonea raha kuliko yote, kwa sababu mgonjwa hasikii mashine ikitoboa mfupa karibu na sikio lake. Hakuna anayewaambia watu kuhusu hiyo sauti. Hata aliyekufa ganzi kabisa anaisikia, inapita mfupani hadi fuvuni, na nimeona wanaume wenye vifua vipana wakishika mkono wa nesi kama watoto.

Ndugu wa mgonjwa, maswali yenu kwa mtu wa usingizi yawe haya: mtamchoma wapi, pumzi yake itabaki nzima, vidole vitacheza saa ngapi, na ganzi ikiisha usiku atakunywa nini? Swali la mwisho linasahaulika sana. Ganzi haiagi kwa upole, inaondoka kama mgeni aliyekasirika, na maumivu yanaingia yote saa 8 usiku nesi akiwa peke yake na wagonjwa 30. Vidonge vianzwe mapema, mkono ukiwa bado mzito.

Mtoto wa yule mama alikuwa ameshapewa uji saa 11 alfajiri, kikombe kizima. Tukasubiri mpaka saa 5, mama akinitazama kama nimemdhulumu. Picha ya kifua ilikuwa safi, vidole vyote vilikuwa vinafanya kazi, mvunjiko wa katikati, kilo 62. Nikachoma ndani na nje ya mvunjiko, nikaongeza ya juujuu, nikampa dawa ya kutuliza na kitambaa masikioni. Daktari alipotoboa upande wa chini, pale ambapo mgonjwa wangu wa zamani alipiga ukelele, huyu aliuliza kama pikipiki yake imepatikana.

Saa 9 alasiri nilipopita wodini alikuwa ameinuliwa mgongo, mkono wa kushoto kwenye kitambaa, na kwa vidole vya mkono huo huo ameshika kikombe kifuani huku wa kulia ukichezea simu. Mama akaniita pembeni.

"Dokta, mbona mkono unafanya kazi? Hiyo ganzi mmeichoma wapi?"

Nikamwonyesha kwenye mtulinga wangu mwenyewe, kwa kidole. Akasogea, akagusa wa kwake, akausugua taratibu kutoka ndani kwenda nje.

"Kuna vitu vinateleza humu," akasema, na akamwita dada wa kitanda cha jirani aje ajaribu wa kwake.